Nimekuchanja

Miaka ile walipogundua gesi baharini upande wa Palma, sisi wa Mocímboa da Praia, kaskazini mwa Msumbiji, tulianza kupata mipira. Gesi yenyewe hatukuiona, na mpaka leo mimi sijaiona. Lakini kampuni moja ndogo iliyokuwa ikihudumia meli za utafiti ilitugawia mipira ya ngozi, jezi, glavu za makipa na kombe la bati lililong'aa, na ikatuletea Mmarekani mmoja mwenye kamera. Kila Jumapili alikaa nyuma ya goli. Huyo ndiye aliyetuharibu, ingawa simlaumu, maana hakujua. Hakuwa akipiga picha za magoli. Alikuwa akipiga picha za kile mtu anachofanya baada ya kufunga.

Basi tukaambiana kwamba picha zile zinapelekwa kwa wakubwa, na siku ya kuajiri watu wa kambi ya gesi ataitwa yule ambaye sura yake imeonekana. Nani alisema? Maneno kama hayo hayana msemaji. Yanaamka asubuhi yakiwa yameshafika kila nyumba. Kuanzia hapo goli likawa kazi ndogo, na kazi kubwa ikawa ni kushangilia. Mtu anafunga, anatembea kwa magoti kama kaa mpaka mbele ya kamera. Mwingine anavua jezi, anaitandika, anaikalia na kujifanya anakunywa chai. Beki wetu mmoja alifunga goli moja tu katika maisha yake, akajigaragaza mchangani mpaka refa akadhani amepatwa na kifafa.

Msidhani ulikuwa mchezo wa kuchekesha tu. Mpira wetu ulikuwa wa damu. Kocha wetu alitupiga kwa kandambili usoni wakati wa mapumziko, na tulimshukuru. Niliona muundi wa mtu ukivunjika hatua mbili kutoka nilipokuwa, na mlio wake sijausahau. Refa alikuja na baiskeli yake na kuiegemeza karibu, ikielekea barabarani, ili akitaka kukimbia asipoteze muda wa kuigeuza. Nalijua hilo kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa fundi wake. Nilikuwa fundi baiskeli pale sokoni, nina miaka ishirini na miwili, na nilikuwa mshambuliaji. Nilikuwa na mbio, nilikuwa na hasira, na nilipenda kusifiwa kuliko nilivyopenda chakula.

Siku moja baada ya mazoezi, Mmarekani alitueleza habari za mchezo wa kwao. Karani mmoja wa Maputo alitafsiri kwa Kireno, na sisi tukatafsiriana tena. Alisema kwao wanacheza besiboli, mpira mdogo mgumu kama jiwe, mmoja anarusha, mwingine anaupiga kwa rungu. Mpigaji akiupiga ukatoka nje ya uwanja kabisa, halafu akasimama kuutazama unavyokwenda, akalitupa rungu lake hewani kwa madaha, siku hiyo anaweza asiguswe. Lakini akirudi tena kupiga, mrushaji haulengi tena ule usawa wa rungu. Anamlenga yeye, mbavuni. Na mwenyewe anajua kwa nini. Wakati mwingine, akasema, halengwi hata yeye aliyejionyesha. Analengwa mwenzake anayefuata.

Nikamwambia karani amuulize, huyo mwenzake kafanya nini? Mmarekani akainua mabega. Tulicheka sana. Sisi hapa, nikasema, tunapigana papo hapo, hatuwekeani kiporo.

Wakati huo nilikuwa nimeshaposa. Mchumba wangu alitoka Diaca, ndani, kwenye mashamba. Alikuja mjini kukaa na shangazi yake na kuuza mihogo, na nilimjua kwa sababu baiskeli ya shangazi ilikuwa haikai siku mbili bila kutoboka. Wazee wangu walikwenda kwao, kanga na vitambaa vikapokelewa, na harusi ikapangwa baada ya mavuno. Mtu mmoja tu alikunja uso katika nyumba ile. Alikuwa kaka yake, mwanamume mrefu, mikono kama makasia, naye ndiye aliyekuwa kipa wa timu ya Diaca. Alinisalimu kama anayetema mbegu. Nilimlalamikia mchumba wangu: kaka yako ana nini na mimi, hataki watu wa pwani?

Akanijibu kwamba nisimchukie, kaka yake ni mtu mwenye hofu. Kisha akanieleza siri ambayo nyumba yao iliificha miaka mingi. Kule kwao, na hata huku kwetu, mwanamume hawi mwanamume kwa kutahiriwa tu. Anaingia jandoni na wenzake, anakaa porini, anafundishwa nyimbo na mafumbo. Asiyepita huko ni msungo, hata akiota mvi. Kaka yake alipofika umri wa jando, nchi ilikuwa vitani, familia imekimbilia Pemba, mji mkuu wa mkoa wetu, na baba yao akampeleka hospitali. Nesi akamdunga sindano ya ganzi, akamtahiri juu ya meza, akamfunga bandeji, wakarudi nyumbani. Walipohamia tena Diaca, baba alisema kijana ameingia jandoni kwa mjomba wake. Hakuna aliyeuliza zaidi. Lakini nyimbo hakuzijua. Wanaume wakianza kuziimba, yeye hushikwa na kikohozi. Na mwaka huo wazee walikuwa wamemteua awe mmoja wa walezi watakaowaingiza vijana jandoni, na hakujua atajificha wapi.

"Usimwambie mtu," mchumba wangu aliniambia. "Nimekwambia wewe ili umhurumie."

Nilimhurumia kweli. Nawaapia, wiki nzima nilimhurumia.

Sasa niwaeleze kushangilia kwangu. Mwezi ule manesi walikuwa wanapita shuleni na sokoni kuwachanja watoto, na mji mzima ulikuwa ukizungumza habari ya kuchanja. Mimi nikachukua pampu yangu ya baiskeli, ya mkono, ya chuma, yenye mpini wa mti, nikaiacha kwenye benchi la timu. Nikifunga, nakimbilia benchi, naichukua pampu, naigongagonga kwa kidole kama nesi anavyotoa hewa kwenye sindano, kisha namfuata kipa niliyemfunga. Nikifika hatua chache mbele yake nasimama, naielekeza pampu usawa wa bega lake, nasukuma mpini, hewa inatoka, nami napaza sauti, "Nimekuchanja!" Uwanja wote unaitikia, "Kachanjwa!" Mmarekani aliipenda kupita kiasi. Aliwahi kuniomba niirudie mechi ikiwa imekwisha, na kipa wa watu akalazimika kusimama tena achanjwe.

Neno hilo lina mlango wa nyuma, nanyi mnalijua. Kuchanja ni chanjo ya nesi, na kuchanja vilevile ni kukata kwa chuma chenye makali. Lakini maadamu pampu ilikuwa begani, kila mtu alicheka, na hata makipa wengine walicheka.

Tulikutana na Diaca kwenye fainali. Walikuja na lori, wachezaji na mashabiki pamoja, na mchumba wangu alikuwemo. Wanawake wa Diaca walitandika mikeka karibu na kibendera cha kona. Nilimpungia mkono, akainamisha uso akitabasamu, kama msichana aliyeposwa anavyopaswa kufanya mbele za watu.

Kipindi cha kwanza kilikuwa cha viatu tu. Walitupiga, tukawapiga. Kiungo wetu alitolewa akiwa na nyusi iliyopasuka, akazibwa kwa kitambaa, akarudishwa. Kipindi cha pili tukapata penalti, nami nikaenda kupiga. Nilipiga vizuri, chini, pembeni. Shemeji yangu mtarajiwa akaruka, akaudaka mpira. Angeishia hapo yasingetokea haya. Lakini na yeye alikuwa ameiona kamera. Akalala palepale mchangani, akauweka mpira chini ya kichwa kama mto, akafumba macho na kukoroma kwa sauti. Watu wa Diaca walipasuka kwa kicheko. Watu wetu nao walicheka. Niligeuka, nikaona mchumba wangu ameziba mdomo kwa kanga, mabega yanamtikisika.

Hicho kicheko chake ndicho kilichoniingia. Nimekuwa nikisema miaka mingi kwamba sikumbuki nilichofikiri. Nakumbuka.

Dakika chache baadaye nilifunga. Mpira ulimgonga beki wao mgongoni ukapoteza njia, goli la bahati, goli ambalo mtu mwenye adabu angeinamisha kichwa na kurudi katikati. Mimi nilikimbilia benchi nikachukua pampu. Niliigongagonga kwa kidole. Uwanja ulikuwa umeshaanza kucheka kabla sijafika. Shemeji alikuwa amesimama golini, mikono kiunoni, anasubiri achanjwe begani kama wenzake, na nadhani hata alikuwa tayari kunisamehe. Nikasimama mbele yake. Nikaielekeza pampu begani. Kisha nikaishusha, taratibu, mpaka chini ya kitovu, shibiri mbili kutoka mahali pake pa kila siku. Nikasukuma mpini.

"Nimekuchanja," nikasema.

Hakuna aliyeitikia. Watu walikuwa wanajiuliza kwa nini pampu imekaa pale. Halafu sauti ya mwanamume mmoja, upande wa Diaca kwenyewe, ikasema polepole, kama mtu anayesoma barua, "Enfermeiro." Nesi, si ngariba. Alikuwa amelifumbua, na aliposema yeye, waliokuwa karibu naye wakalifumbua. Vikohozi vyote vya miaka yote vikapata maana. Kicheko kilianza kule kwao, si kwetu, na kilikuwa kicheko kibaya.

Shemeji alininyang'anya pampu. Alinipiga nayo mdomoni, kipande cha chuma, na meno matatu ya mbele yakatoka pamoja na damu. Nilianguka. Akanikanyaga kifuani, akainua pampu kwa pigo la pili, nami nikaona kwamba hilo litakuwa la kichwa. Halikushuka. Mkono ulibaki juu. Nilimtazama kutoka chini na nikaona anafikiri. Alikuwa anajiuliza nani ameniambia, na jibu halikuwa mbali, maana kati ya nyumba yao na mimi alikuwepo mtu mmoja tu. Akageuza kichwa kuelekea kwenye mikeka ya wanawake.

Akaitupa pampu, akanipita. Mguu wake ulipita karibu na mkono wangu, ningeweza kuushika. Nilijua anakokwenda. Mkono wangu ulikuwa unayatafuta meno yangu mchangani.

Mchumba wangu hakukimbia. Alikuwa amesimama, na sura yake ilionyesha kwamba ameelewa yote: pampu, neno lile, na mimi. Hakuwa anamtazama kaka yake. Alikuwa ananitazama mimi. Kaka yake alimpiga kofi la sikio la kushoto, akiwa bado na glavu mkononi, kofi la mtu aliyezoea kupangua mipira mizito. Akampiga tena palepale. La tatu lilimkuta ameshaanguka. Wanawake wakamwangukia juu kumfunika. Damu ilitoka sikioni ikaingia kwenye kanga.

Baada ya hapo ilikuwa vita. Mawe yaliruka kutoka pande zote. Lori la Diaca lilivunjwa kioo, dereva akatoka na panga lililokuwa chini ya kiti, na beki wetu, yule aliyejigaragaza kama mwenye kifafa, alichanwa bega mpaka nikaona weupe. Kocha wetu alimng'ang'ania mtu wa Diaca sikio kwa meno. Refa alipanda baiskeli yake akaondoka. Mmarekani aliendelea kupiga picha mpaka wenzake walipombeba wakamwingiza garini. Polisi walipofika walipiga risasi hewani, kisha wakatupiga kwa virungu bila kuuliza nani ni wa timu gani. Kombe la bati nililiona limekanyagwa, likiwa bapa kama sinia. Jumapili iliyofuata hakukuwa na mpira, wala Mmarekani hatukumwona tena. Kama kuna mtu aliyeajiriwa kwa sababu ya picha zile, mimi simjui.

Kutoka Diaca walirudisha kila kitu tulichopeleka. Baba wa mchumba wangu alituma neno kwamba binti anayetoa ya ndani nje hana ndani pa kurudi. Siku ya tatu binti mwenyewe alifika mlangoni kwetu kwa miguu, pamba sikioni, usaha unatoka, homa imempanda. Mama yangu alimwekea maji ya moto, akamlaza kitandani kwake mwenyewe. Hospitali walisema ngoma ya sikio imekwisha. Shehe alitufungisha ndoa sebuleni, watu sita tumekaa, bila ngoma wala vigelegele. Mimi nilisema nimekubali kupitia pengo la meno matatu, na neno likatoka kama mluzi.

Wiki moja baada ya hapo mke wangu aliniuliza swali moja tu. Alikuwa anakunja nguo.

"Siku zote ilikuwa begani. Siku ile mkono ulishuka wenyewe?"

Nikamwambia uliteleza. Nilikuwa nakimbia, jasho, mkono uliteleza, na yale aliyoniambia nilikuwa nimeyasahau kabisa. Alinitazama kidogo.

"Haya," akasema.

Hakurudia tena. Watu husema kuuliza si ujinga. Lakini kuna mtu huuliza mara moja akaacha, na huyo ni wa kumwogopa. Tuliishi vizuri. Alizaa, akalea, akacheka na majirani. Alijifunza kukaa upande wa kushoto wa watu na kutazama midomo yao wanapozungumza. Mimi sikugusa mpira tena. Nikisikia watu wanashangilia goli, ufizi wangu wa mbele huuma, na hilo ni kweli tupu.

Kaka yake hakuwaingiza vijana jandoni mwaka ule, wala mwaka wowote. Nilisikia aliacha hata kukaa penye watu. Siku moja, mtoto wetu wa kwanza ameshaanza kutambaa, nilikuwa ndani nyuma ya pazia nikiziba mpira wa baiskeli, mke wangu yuko uani amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi. Nikamwona yule bwana amesimama penye ua wa makuti, kuku mkononi, amekonda. Alikuwa amesimama upande wa kushoto wa mke wangu, nyuma kidogo.

"Mdogo wangu, desculpa," alisema kwa sauti ya chini. "Nimekuja kuomba radhi. Ukinifukuza, una haki."

Mke wangu aliendelea kukuna nazi. Hakusikia hata neno. Kaka yake hakujua, kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kumwambia kofi lake lilichukua nini. Alisubiri. Alisubiri mpaka nusu ya kifuu ikamalizika, na nazi ikaendelea kudondoka kwenye bakuli. Nilikuwa hatua tatu kutoka kwao. Ningesema neno moja tu, shemeji, zunguka upande wa pili. Lakini nilifikiri: wakizungumza hawa wawili, atamweleza jinsi pampu ilivyoshuka. Yeye aliiona kwa karibu kuliko mtu yeyote, aliona haikuteleza. Nikanyamaza. Yule bwana akageuka, akaondoka na kuku wake, akiamini kwamba dada yake amemkatalia radhi.

Kuku alilia alipofika njiani. Mke wangu akainua kichwa, akaniuliza nani yule.

"Muuza kuku," nikasema. "Kuku wenyewe wamekonda."

Kisha vikaja vita vyetu vya sasa. Watu wa Diaca walitawanyika, na sisi tukakimbilia Pemba, na yule bwana hatujui kama yuko hai. Pampu nyingine ninayo, na kibanda changu kiko nje ya nyumba tuliyopanga. Tangu tuje huku nimekuwa na tabia moja ambayo sikumwambia mtu. Mke wangu akikaa sikio la kushoto likiwa upande wangu, namwambia ukweli. Nausema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayehesabu spoki. Mkono niliushusha mwenyewe. Muuza kuku alikuwa kaka yako. Nikishasema napata nafuu ya siku mbili tatu, kisha hurudi palepale. Mwoga ana ujanja wake.

Juzi, asubuhi, alikuwa amekaa kwenye mkeka anachagua mchele. Kwa jirani televisheni ilikuwa inaonyesha mpira, goli likafungwa, watu wakapiga kelele mpaka barabarani. Ufizi ukaniuma. Nikiwa nimeshika tairi, nikasema tena yale yale, upande ule ule. Nilidhani macho yake yako kwenye mchele.

Alitoa kijiwe, akakitupa. Akauweka ungo chini, akageuza mwili mzima pale mkekani, mpaka sikio lake la kulia likanielekea.

"Upande ule umeshaniambia mara nyingi," akasema. "Sasa sema upande huu."

Nikaweka tairi chini. Nikaanza na pampu.